Chungwa Bivu la Kijani: Namna ya Kumfundisha Mtoto Kutumia Sifa Katika Insha

Mwaka wa kwanza niliofundisha Kiswahili Darasa la Tano niliwapa watoto insha ya "Mama Yangu". Nikakusanya madaftari 74, nikayafunga kwenye kanga, nikaenda nayo nyumbani. Nilipofika kwenye daftari la ishirini hivi nilikuwa nimeshaikariri insha yenyewe: "Mama yangu ni mzuri. Ana moyo mzuri. Anapika chakula kizuri. Ananipenda na mimi nampenda sana." Kisarufi hapakuwa na la kusahihisha. Mama mzuri, moyo mzuri, chakula kizuri. Upatanisho umekaa mahali pake. Ila ungewapanga akina mama wote 74 mbele ya darasa, usingemtambua hata mmoja kwa kusoma insha zile.

Kosa lilikuwa langu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimejaza ubao orodha: -zuri, -baya, -kubwa, -dogo, -refu, -fupi. Watoto wakanakili, wakaimba, wakapata 10 kwa 10 kwenye zoezi. Nikaamini wamejua kueleza kitu, kumbe wamejua kupachika viambishi. Tangu hapo nafundisha kwa kurudi nyuma: kitu kwanza, mkono na jicho kwanza, halafu neno, na kiambishi mwisho kabisa. Njia yenyewe ndiyo hii. Inafaa Darasa la Nne hadi la Sita. Kwa darasa itakula wiki kadhaa, kwa vipindi vya dakika 40. Mzazi mwenye mtoto mmoja mezani atamaliza haraka zaidi.

Kabla hujaingia darasani

Tafuta machungwa, moja kwa kila kundi la watoto sita. Tafuta na mfuko wa kitambaa kizito usioonyesha ndani, kisha utie vitu vya hapo hapo: gunzi la hindi, kifuu cha nazi, dodoki, kipande cha sabuni ya mche, jiwe la mtoni, unyoya wa kuku. Huku kwetu Muheza, mkoani Tanga, msimu ukikolea machungwa si ghali. Kama uko kwingine, tumia tunda la kwenu: embe, parachichi, nanasi, hata kiazi. Sharti ni moja tu, kiwe kitu chenyewe. Picha ya kitabuni iache ofisini. Sababu utaiona baada ya muda mfupi.

Hatua ya 1: Mfuko

Mwite mtoto mmoja mbele, aingize mkono mfukoni, ashike kitu kimoja bila kukitoa. Haruhusiwi kukitaja jina. Anaeleza tu anavyokisikia mkononi, wenzake wanakisia. Wape na mlango wanaoujua: "Kitendawili!" "Tega!" Hapo hata yule wa dawati la mwisho ananyanyuka, maana tangu anyonye anasikia vitendawili, na kitendawili ni kueleza kitu bila kukitaja.

Wewe simama ubaoni uandike kila watakachosema, kama walivyosema. Utasikia "laini", "gumu", "jepesi". Lakini utasikia zaidi "linateleza", "kinakwaruza", "kina mashimo", "kama nywele za babu". Usikatize useme hicho si kivumishi. Andika. Mtoto akikwama akatoa neno la Kibondei au la Kidigo, andika nalo, kisha uliza darasa Kiswahili chake ni nini. Siku moja mtoto aliyeshika dodoki alihangaika weee, mwisho akasema, "Mwalimu, ni kavu lakini lina huruma." Sijapata kuona dodoki likielezwa vizuri zaidi ya hapo.

Dakika 30 zinatosha. Ubao ukijaa, waache wanakili.

Hatua ya 2: Chungwa

Kipindi cha pili gawa machungwa, lakini kabla hujagawa uliza: chungwa lina rangi gani? Darasa zima litajibu kwa sauti moja: "Rangi ya chungwa!" Ndivyo picha za vitabuni zinavyosema, na jina la rangi lenyewe linasema hivyo. Sasa gawa. Waambie waangalie wanachokishika.

Ni la kijani. Machungwa yetu mengi huiva yakiwa bado ya kijani, au kijani kinachoelekea manjano, kwa sababu huku mabondeni usiku hauwi na baridi ya kutosha kuifukuza ile rangi ya kijani kwenye ganda. Ndani limeiva, tamu, maji tele. Watoto hawa wamekula machungwa ya kijani tangu wanaota meno, lakini kwenye insha wangeandika "chungwa la rangi ya chungwa" bila kuwaza. Ukipata dakika hii ya kimya, darasa linapotazama mkononi halafu linakutazama wewe, umeshapata somo zima. Yanayobaki ni mazoezi.

Sasa waulize milango yote mitano ya fahamu, mmoja mmoja, bila haraka.

Macho: si "kijani" peke yake. Kijani cha namna gani, na kimebadilika wapi? Watoto wangu walitoa "kijani cha jani la mgomba upande wa juu, manjano kitakoni", "lina madoa meusi kama vumbi la mkaa", "kikonyo kikavu".

Vidole: ganda lina vishimo vidogovidogo. Ukilibinya linarudi au linabonyea?

Pua: hapa wape zawadi ya lugha yao wenyewe. Kiswahili kinatofautisha *kunuka* na *kunukia*. Samaki aliyeoza ananuka. Ganda la chungwa linanukia. Herufi moja tu imeongezeka, na msomaji ameshajua akunje pua au avute pumzi. Mtoto aliyelijua hili hahitaji kuandika "harufu nzuri".

Masikio: kisu kinapokata, na maji yanaporuka.

Ulimi: tamu, ndiyo, lakini kuna tamu ya kukolea na tamu ya majimaji. Kuna chachu. Limau tunasema *kali*, neno hilo hilo la pilipili na la mbwa. Na kuna ukakasi, ule unaobaki ulimini ukila bibo au ndizi mbichi. Waulize kama chungwa lao lina ukakasi. Wengine watalamba na ganda ili wajue.

Hatua ya 3: Sasa viambishi

Baada ya hapo ndipo ubao wa sarufi unapoingia, na unaingia mwepesi kwa sababu watoto wana maneno yao ya kuyavalisha. Chukua sifa moja uizungushe kwenye ngeli:

mtu mrefu, watu warefu
mti mrefu, miti mirefu
shimo refu, mashimo marefu
kisu kirefu, visu virefu
kamba ndefu, kamba ndefu
ukuta mrefu, kuta ndefu

Usiendelee na sifa ya pili mpaka hii imewaingia masikioni. Mtoto anayesikia "kamba refu" akakunja uso hana haja ya kukariri kanuni.

Mitego ni mitatu, na yote ninaikuta kila mwaka.

Wa kwanza ni ngeli ya kamba, nyumba na barabara. Humo sifa nyingine hugeuka umbo: ndefu, mbaya, nyeupe, njema, mpya. Nyingine hazigeuki kabisa: kubwa, tamu, kali, chafu, pana. Maelezo marefu ya kwa nini *b* inafuata *m* waachie wa sekondari. Kwa mtoto wa miaka 11 imba tu: nyumba mbaya, nyumba ndefu, nyumba nyeupe, nyumba kubwa.

Wa pili ni wanyama na watu wenye majina ya ngeli nyingine. Mbwa mkali, siyo mbwa kali. Kifaru mkubwa, siyo kifaru kikubwa. Kijana mrefu, kipepeo mweupe. Chenye uhai kinafuata mtu.

Wa tatu unawapata watoto hodari zaidi. Wakishaijua kanuni wanaitumia hata pasipotakiwa: "kiti kighali", "swali lirahisi", "vijana wahodari". Maneno kama ghali, rahisi, hodari, laini, bora, imara na maridadi tuliyapokea kutoka Kiarabu na kwingineko, na katika Kiswahili sanifu yanakaa vile vile popote. Kiti ghali, swali rahisi, vijana hodari. (Kuna "msafi" na "wasafi", ndiyo, na mtoto mjanja atakuuliza. Mwambie ukweli: hilo limeshapata uraia kwa watu, lakini bado tunasema kitambaa safi.)

Hatua ya 4: Pale neno linapokosekana

Hapa ndipo penye utajiri. Utasikia watu wakisema Kiswahili ni maskini wa vivumishi. Ukihesabu maneno yanayopokea kiambishi kama -refu na -zuri, kweli si mengi. Lakini lugha hii haikuweka sifa zake zote kwenye chungu kimoja. Nyingi imeziweka kwenye vitenzi na kwenye majina, na mtoto asipoonyeshwa alikozificha atabaki na maneno kumi maisha yake yote.

Rudi kwenye maneno ya ule mfuko. "Linateleza" limekuwa *jiwe linaloteleza*. "Kina mashimo" kimekuwa *kipande chenye mashimo*. Huo ndio ufunguo. Waonyeshe njia nne, siku moja njia moja.

Kirejeshi kwanza, maana ndicho chenye nguvu kuliko vyote: shati lililopauka, mlango uliolegea bawaba, ukuta uliomenyeka rangi, chai iliyopoa. Linganisha "embe bivu", "embe lililoiva" na "embe lililoiva likapasuka". La tatu lina nzi tayari. Kila kirejeshi kinabeba tukio, na tukio linaonekana kuliko sifa.

Kisha -a unganifu: maji ya vuguvugu, chai ya rangi, mkeka wa ukindu, sauti ya kukwaruza, mtu wa maji ya kunde. Rangi nyingi zinapita hapa pia. Zinazopokea kiambishi kama -refu ni tatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine zote tunazikopa kwenye vitu: kijani kutoka kwenye jani, manjano kwenye kiungo cha mchuzi, zambarau kwenye tunda lake, kijivu kwenye jivu. Wakishaelewa kwamba majina ya rangi yaliokotwa shambani na jikoni, wape ruhusa nao waokote. Darasa langu lina "rangi ya chai ya maziwa iliyomwagika kwenye nguo" na "rangi ya tope la Pangani".

Tatu, -enye: mzee mwenye mvi, embe lenye nyuzinyuzi, barabara yenye makorongo. Zoezi lake ni fupi, dakika kumi.

Ya nne wengi wanaisahau: kulihamisha jina lenyewe. Nyumba ikiwa ndogo inakuwa kijumba; ikiwa kubwa ya kutisha, jumba. Mbwa anakuwa jibwa au kijibwa, mtu anakuwa jitu au kijitu, mto unakuwa kijito. Hakuna kivumishi hata kimoja, na msomaji ameona ukubwa, ameona na macho ya aliyeandika. Ila waonye: kijitu ni dharau, jitu ni hofu. "Kijumba cha bibi" kinaweza kuwa cha mapenzi au cha kejeli, inategemea sentensi inayofuata. Waandike zote mbili.

Na wanapotaka kutia nguvu, wasikimbilie "sana". Nyeusi sana, nyeupe sana, nyamaza sana. Nyumbani kwao hawasemi hivyo. Wanasema nyeusi ti, nyeupe pe, kimya ji, ndoo imejaa pomoni, nguo zimelowa chapachapa. Lugha ya mama ina haki ya kuingia kwenye daftari.

Hatua ya 5: Mpe "nzuri" likizo

Andika -ZURI kwenye karatasi kubwa, ibandike juu ya mlango na chini yake uandike: YUKO LIKIZO, ATARUDI BAADA YA WIKI MBILI. Watoto wanapenda mzaha huu. Kwa wiki mbili hakuna anayeruhusiwa kulitumia kwenye insha, kwa umbo lolote. Ukiwa mkali zaidi, mpe na -baya likizo hiyo hiyo.

Mtoto akija na "lakini mwalimu, ni nzuri kweli", muulize swali moja tu: "Uzuri wake umeuonea wapi?" Usimpe neno mbadala. Ukimpa "maridadi" ataandika maridadi kila mstari, utakuwa umembadilishia koti tu.

Huyu hapa mtoto mmoja, kabla:

"Bibi yangu ni mzuri. Ana nyumba nzuri. Anatupenda sana."

Nikamuuliza uzuri wa bibi ameuonea wapi. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani nimemkwaza. Kesho yake akaleta:

"Bibi yangu ni mfupi. Kidole chake kimoja kimepinda kwa sababu ya jembe. Akicheka anaziba mdomo kwa upindo wa kanga, maana hana meno ya mbele. Sisi tunamchekesha makusudi."

Hesabu vivumishi vya sifa humo. Ni kimoja, *mfupi*. Na bado bibi huyu ningemtambua sokoni.

Hatua ya 6: Kupunguza

Tahadhari, baada ya wiki ya pili utapata ugonjwa wa upande wa pili. "Niliona gari kubwa jipya jeupe refu la kisasa lenye kasi linalong'aa." Mtoto amefurahi, ana maneno, anayamwaga yote. Mwache ayamwage mara moja. Kisha sheria: kila jina, sifa mbili mwisho. Afute moja moja na kuuliza, picha imebadilika? Kama haijabadilika, lisirudi.

Mpangilio usikuchukulie muda. Kimilikishi kinakaa karibu na jina, sifa inafuata, idadi mwisho: vikombe vyangu vidogo viwili. Watoto wengi wanaujua kwa sikio.

Kinachotaka muda ni maneno ya kukariri. Jirani zetu Kenya, enzi za KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi uliofanyika mara ya mwisho 2023, insha ilikuwa na alama 40, na vijitabu vya misemo ya kupamba insha viliuzwa kama maandazi. Sisi nasi tuna vya kwetu; jua letu halijawahi kuchomoza bila ndege kuimba. Sipingi msemo wala methali, ikikaa mahali pake. Lakini nimewahi kusoma insha ya mtoto "aliyeamka bukrata wa ashia akaoga". Maana yake ni asubuhi na jioni. Aliamka asubuhi na jioni. Muulize mtoto: asubuhi ya kwenu leo ilikuwaje? Kama alisikia honi ya bodaboda na si jogoo, aandike bodaboda.

Hatua ya 7: Insha na usahihishaji

Sasa wape insha. Kitu kimoja kidogo, si "Shule Yetu" nzima. Dirisha la darasa. Viatu vya baba. Kibanda cha muuza mihogo. Waandike bila kutaja jina la kitu hicho, kisha wasomeane. Mwenzake akishindwa kukisia, sifa hazijatosha, arudi akaangalie tena. Hilo ndilo sahihisho bora kuliko kalamu yangu nyekundu, na kwa madaftari 70 na ushee linaniokolea usiku mzima.

Wakieleza watu, weka mpaka mapema, kabla hajaumia mtu. Darasani mwenzako unaeleza anachovaa, anavyotembea, anavyocheka. Mwili wake hauugusi. Watoto wanajua kuchoma. Kama kuna mtoto mwenye ualbino au mwenye ulemavu, usisubiri mtu asome "mweupe pe" kwa sauti ndipo ukumbuke. Wafundishe pia kwamba tunasema *mtu mwenye ualbino*; zile sifa za mitaani ni matusi hata zikiwa na upatanisho sahihi.

Ukisahihisha, usipake daftari zima wekundu. Mimi naweka alama mbili tu: nazungushia kosa moja la upatanisho, lile linalojirudia, na napigia mstari sehemu moja niliyoiona kwa macho. Pembeni naandika "nimeona". Watoto wanahesabu hizo "nimeona" kuliko wanavyohesabu alama za vema.

Wiki mbili zikiisha, lishushe -zuri mlangoni mbele ya darasa zima, lirudi kazini. Mwaka jana wengi hawakulikimbilia. Mmoja alilitumia siku hiyo hiyo: "Gulio la Jumatano ni zuri ukiwa na hela."

Nikapiga mstari chini yake. Nimeona.